Shokapu za Mzee Benedikto

Nimeuza spea za pikipiki mjini Morogoro mpaka magoti yakanikatalia. Sasa niko nyumbani Kilakala, duka analo binti yangu Zuhura, na kila jioni ananirudia na maswali niliyodhani nimeyaacha kaunta. "Mama, kuna mtu anataka shokapu za mbele za pikipiki ya zamani, nimpe zipi?" Namwambia amwambie asubiri. Siku hizi hakuna mteja anayesubiri. Basi nimeona niyaseme yote mara moja, kwenu nyinyi mliofungua maduka juzijuzi na nyinyi mnaojifunza ufundi kwenye vibaraza vya watu, ili nami mniache nipumzike.

Kwanza mjue anayewaambia ni nani. Mimi sijui kuendesha pikipiki. Nilijaribu mara moja, enzi za usichana, nikaingia kwenye ua wa jirani nikatokea upande wa pili na kamba ya nguo shingoni. Tangu hapo nikakaa nyuma ya kaunta, nikawaachia wenye roho ngumu. Lakini watu wakisimama mbele yako miaka nenda miaka rudi wakikueleza pikipiki zao zinavyowatesa, mwisho unazijua kuliko wao. Kila mmoja anaijua ya kwake. Mimi nimelalamikiwa na zote.

Shokapu za mbele ndiyo ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, bomba ndani ya bomba, na springi na mafuta ndani yake. Pikipiki ikiwa mpya hakuna anayezikumbuka. Ikizeeka zinaanza kulia machozi ya mafuta, bomba linaota kutu, na siku moja mwenyewe anaingia mtaroni, mguu mmoja unapinda. Hapo ndipo anakuja kwako. Na shokapu zenyewe, zile zilizotoka kiwandani na pikipiki yake, hazitengenezwi tena. Sasa unampa nini? Wengi wenu mnampa zilizopo rafuni. Mimi pia ningependa kazi iwe rahisi hivyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Saleh, mwenye duka nililoanzia kazi nikiwa mfagiaji. Alikuwa mkali, na maneno aliyatoa kwa shida kama meno. Mteja akiingia na shokapu iliyopinda begani, mzee haiangalii shokapu. Anamwangalia viatu. Nilidhani ni dharau, mpaka siku moja alipoona nimekasirika kwa niaba ya mteja ndipo akanieleza. Kiatu cha kushoto kikilika juu karibu na vidole, hiyo ni gia tu, kila mtu anayo. Soli ikilika pembeni, huyo mtu anaburuza mguu kila akisimama, maana yake pikipiki inamzidi kimo, au imemzidi nguvu, au amechoka. "Bomba utalipima," aliniambia, "lakini bomba haliendi kokote peke yake."

Kupima nako ni kazi, msikimbilie. Kile kipimo cha chuma cha kuteleza, venia, kiwe chako mwenyewe, usiazime, maana cha kuazima kimeshaanguka mara ngapi hujui. Pima unene wa bomba pale juu linapokamatwa na chuma cha usukani, kisha pima katikati, kisha chini. Lisipolingana, limeliwa. Lilaze juu ya kioo ulibingirishe taratibu na uangalie mwanga unaopita chini yake. Lililonyooka halipitishi mwanga, lililopinda linakuchekea. Pitisha ukucha kutoka juu mpaka chini. Ukucha ukikwama, hata pawe pang'avu namna gani, pale pana kidonda, na hicho kidonda kitakata sili, ule mpira wa kuzuia kuvuja, na mafuta yatamwagika kwenye breki. Halafu ndiyo uangalie tundu la ekseli, nafasi kati ya mguu na mguu, na kile kijisikio kinachozuia sahani ya breki isizunguke. Hicho kijisikio watu wanakisahau kabisa. Ukikisahau, siku ya kwanza mtu akishika breki, sahani inazunguka na gurudumu na kila kitu kinakatika.

Wala msiuze mguu mmoja. Mteja atakubembeleza, atasema mwingine mzima. Mkatalie. Mguu mpya na mguu mchovu haikubaliani, pikipiki inavuta upande mmoja kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Zuhura anapokea picha kwenye simu. Mteja anapiga picha shokapu imelala kwenye majani, anatuma, anauliza, "Unayo?" Picha haina unene, vijana. Ila siwezi kuwacheka sana, maana na sisi tulikuwa na yetu. Kulikuwa na bwana mmoja wa Turiani, mtu wa mashamba ya miwa, alitaka shokapu akawa hana nafasi ya kuja mjini. Akakata muwa sawasawa na urefu wa shokapu yake, akampa shangazi yake aliyekuwa anakuja Morogoro, akamwambia, "Mpelekee mama wa spea, huo ndio urefu." Safari ikawa ndefu, gari likaharibika njiani, jua likawaka. Shangazi alipofika dukani akaniwekea kaunta kipande cha muwa kifupi kama mwiko, akanitazama bila aibu yoyote. "Kilikuwa kirefu kidogo kuliko hapo," akasema.

Na mafuta. Mafuta ya shokapu yapo kwa jina lake, lakini watu humimina chochote kinachoteleza. Alikuja kijana wa Mgeta, ametoka huko kwenye baridi, mboga zimejaa kwenye keria, anasema pikipiki yake ina mtu. Asubuhi inakuwa ngumu kama jiwe, mikono inamfa ganzi, lakini ikifika saa sita imelainika, anashuka nayo vizuri. Ameshamwita shehe, ameshakwenda kwa padri, amenyunyiziwa maji ya huku na ya kule. Fundi Shaibu, ambaye karakana yake ilikuwa inatazamana na duka langu, akafungua nati ya juu, akanusa, akaniita nami ninuse. Mawese. Ndani ya shokapu mlikuwa na mawese, yanaganda kwa baridi ya Mgeta na kuyeyuka jua likipanda. Shaibu akamwambia jini lako linapikiwa maharage.

Nacheka nikiyasimulia, ila kazi ile ilinichosha. Kutwa nzima unasimama, unapandisha chuma rafuni, unateremsha chuma, unabishana na watu wenye haraka. Jioni nikifika nyumbani mikono yangu ilinuka grisi hata kwenye chakula. Na kitu kilichonichosha kuliko chuma ni watu wasiosema wanachotaka. Hapo ndipo ninapofika kwa Mzee Benedikto.

Benedikto ni katekista wa kule juu ya Kinole, na ni mzee kunizidi. Padri hawezi kufika kila kigango, vile vikanisa vya vijijini, kila Jumapili, kwa hiyo katekista ndiye anayesalisha, anafundisha watoto, anawasomea wagonjwa, anazika. Vigango vyake vilikuwa vimetawanyika mgongoni mwa mlima, na kwa miaka mingi alivizungukia kwa pikipiki moja ya Kijapani, ndogo, ya chini, ambayo nilimuuzia karibu kila kitu chake isipokuwa tangi. Ni mtu mfupi. Akiketi juu ya ile pikipiki nyayo zake mbili zilitulia chini zote, hana wasiwasi.

Lazima niwaambie pia kwamba mimi na Benedikto ni Waluguru sote, yeye Mkatoliki mimi Mwislamu, na ukoo wake na ukoo wangu ni watani. Wenye watani mnajua. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, na huruhusiwi kukasirika. Akija dukani nilimwamkia, "Shikamoo, marehemu." Naye hujibu, "Marahaba, mjane." Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kila biashara yetu.

Siku aliyokuja kwa ajili ya shokapu hakuja peke yake. Alikuwa na Deo, mtoto wa dada yake. Kwetu, kwa wasiojua, mrithi wa mtu si mwanawe, ni mpwa wake. Shamba, jina, hata jembe, vinakwenda upande wa mama. Deo alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, anashusha ndizi na mananasi mjini kwa pikipiki za kuazima, na kila mtu Kinole alijua kwamba ile ndogo ya Kijapani siku moja itakuwa yake. Hakuna aliyelisema. Jambo kama hilo halisemwi mwenyewe angali anakula ugali.

Pikipiki ilikuwa imetumbukia kwenye mtaro uliochimbwa na mvua. Nikabingirisha mabomba juu ya kioo, yote mawili yanacheka. Kutu imekula pale chini. Nikawaambia hizi zimekwisha, hata Shaibu akizinyoosha zitapinda tena.

"Mama, zile je?" Deo akauliza, kidole kinaonyesha rafuni. Zilikuwa shokapu za pikipiki za siku hizi, ndefu, nene kwa chini, springi ngumu. Unene wa bomba pale juu ulikuwa sawa kabisa na wa zamani, nilikuwa naujua. Zingeingia. "Hizi zinabeba. Nikiweka mikungu nyuma, nikishuka Kinole, haziinami."

"Zinabeba," nikamjibu, "lakini zitainua pua. Mwenye pikipiki aketi kwanza tuone." Nikamgeukia Benedikto nikamtazama viatu. Soli ya kulia ilikuwa imelika pembeni, tayari alikuwa ameanza kuburuza. "Mzee, keti hapo juu ya ile pikipiki ya Shaibu, ina kimo kilekile zitakachoipa yako."

"Niketi nini," akasema. "Kijana ameshachagua."

"Wewe ndiye unayeendesha."

"Nimesema kijana ameshachagua. Hizo ni nzuri."

Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, nikamtania kidogo kuhusu urefu wake. Hakunijibu utani. Deo naye alikuwa anaangalia chini. Nikawaambia wanipe muda niulize Turiani, ambako kuna mtu anayefungua pikipiki mbovu za zamani na kuuza viungo vyake, huenda akapata shokapu zilezile za mwanzo. Benedikto akasema hana haja ya kusubiri, Jumapili ana ibada. Basi zikafungwa ndefu. Fundi Shaibu akainua usukani, akaupima kwa jicho, akanitazama.

Nilipomwona Benedikto anapanda, niliumia. Alipitisha mguu, pikipiki ikamlalia kiunoni, vidole vya mguu mmoja vikagusa lami na mwingine ukaning'inia. Halafu akashuka taratibu, akamwambia Deo, "Endesha wewe, mimi macho yananiuma vumbi," akaenda kukaa nyuma. Hakujua aweke wapi mikono. Mwisho akashika keria.

Mvua za vuli zikapita. Nilimtumia mtu wa Turiani salamu hata hivyo, kwa mazoea tu, hakuna aliyeniagiza. Siku moja asubuhi Deo akaingia dukani, amekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Marehemu hajambo?"

Utani wangu ulimgonga vibaya, nikauona usoni mwake. Akakaa kwenye kigoda. "Mama, mjomba hatoki tena. Mwanzo nilikuwa nampeleka vigangoni. Tukifika, watu wananisalimia mimi, dereva wa katekista, wananiletea maji mimi. Yeye anashuka, anasalisha, tunarudi, njia nzima hasemi. Halafu akaanza kusema mgongo unauma. Halafu akasema wapo vijana wa kusalisha. Sasa anakaa ndani, hata chakula anakigusa tu. Mama mdogo anasema mtu akianza hivyo, hamalizi masika."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nimeacha kubeba ndizi na ile pikipiki. Naona aibu kuigusa. Mama, mimi zile shokapu niliona yeye anataka nizichague. Aliponileta dukani nilidhani ananiambia, haya, anza kuitengeneza iwe yako. Ningekataa ingekuwa kama namwambia urithi wake siutaki."

Nikakaa chini mimi pia. Nilimwelewa Deo na nilimwelewa na mjomba wake. Mzee aliona kijana ametaka, na kumkatalia mpwa wako mbele ya watu kitu ambacho kesho ni chake ni kumwambia humwamini. Kijana aliona mzee ameridhia, na kumuuliza mzee kama miguu yake inafika chini ni kumwambia amezeeka, nipishe. Kila mmoja alimheshimu mwenzake, na heshima hiyo ilikuwa inamzika mtu mzima mzima. Kosa hilo hamtalikuta katika kitabu chochote cha ufundi.

"Mwambie basi," nikasema.

"Siwezi, mama. Mimi nitamwambiaje?"

Kweli hangeweza. Mimi ningeweza. Nikamwachia Zuhura duka, nikapanda gari za Kinole pamoja na Deo, na magoti yangu haya, na pale gari lilipoishia nikatembea nikipumzika kila kona, nikijilaani. Nilipofika karibu na nyumba ya Benedikto nikavua kitenge cha juu nikajifunga kiunoni kama tunavyofanya msibani, nikaanza kulia kwa sauti.

Kwetu watani ndio wanaochangamsha msiba. Mtani anakuja anamwigiza marehemu anavyotembea, anaficha jembe la kuchimbia, analala kaburini anasema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe chochote. Watu wanacheka na machozi yao. Majirani wa Benedikto wakatoka mbio kusikia kilio, wakidhani kweli. Mke wake akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Nikampita. Nikamkuta mzee kitandani, ameegemea ukuta, ana blanketi mchana kweupe.

"Jamani, marehemu wenu mbona bado ana macho?" nikawauliza walionifuata. "Mimi nimetoka mjini kuzika. Nimeacha duka. Nipeni jamvi nikae, na wali wa msiba uko wapi?"

"Nani amekufa?" Benedikto akauliza.

"Wewe. Tumeambiwa pikipiki imekuua, tena ikiwa imesimama." Nikachukua kiti, nikakipandia kama pikipiki, nikaning'iniza miguu, nikapapasa kwa vidole hewani kutafuta sakafu, nikakunja uso kama yeye alivyokunja siku ile. "Macho yananiuma vumbi," nikasema kwa sauti yake.

Mtoto mmoja dirishani akacheka. Mkewe akajaribu kujizuia, akashindwa. Benedikto akanitazama kwa hasira ya kweli, nikaogopa kwamba safari hii nimevuka mpaka. Kisha hasira ikamtoka kupitia mdomoni.

"Sasa ungetaka nifanyeje? Miguu haifiki chini! Kule kwenye kona ya mawe ukisimama, upande wa bondeni hakuna ardhi, nitaweka mguu wapi? Nimeiendesha ile pikipiki tangu huyu Deo hajazaliwa, leo nisimame mbele ya watu niseme miguu yangu haifiki?"

Deo alikuwa nyuma yangu mlangoni. Alisikia kila neno. Akaja akachutama kando ya kitanda, akashika ukingo wa blanketi, na alichosema kilikuwa, "Mjomba, nisamehe, nilidhani unanipa." Mzee akajibu kwamba alikuwa anampa, ila si siku ile. Nikawaacha wawili hao ndani, nikatoka nje kudai wali wangu. Nilipewa ndizi na chai ya mdalasini. Nilistahili.

Sasa msidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Shokapu zenyewe hazikuwepo. Shaibu akajaribu kuzisukuma zile ndefu zipande juu kupitia chuma cha usukani ili pua ishuke. Kwa kuangalia ilipendeza, lakini ukikandamiza kwa nguvu, tairi linabusu chuma cha chini, na kwenye mteremko wa Kinole busu hilo ni jeneza. Nikamwambia azirudishe. Akapendekeza kupunguza sponji ya siti. Nikamwuliza kama anaujua mgongo wa katekista anayekalia mbao. Vijana, mteja akikuomba njia ya mkato, hata fundi akikuomba, kandamiza kwanza mpaka chini kabisa uone kinachogusana. Pikipiki iliyosimama haisemi kitu.

Tulisubiri. Kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii, hakuna anayewaambia. Mtu wa Turiani alinitumia jozi moja, nikaipitishia ukucha, ukakwama, nikairudisha. Akanitumia nyingine, kioo kikapitisha mwanga, nikairudisha. Akanipigia simu akiwa amechoka na mimi, akasema, "Mama, unataka za kuoa?" Nikamwambia ndiyo. Jozi iliyofuata ilikuja imefungwa kwenye gunia la sukari, imetoka kwenye pikipiki ya mwalimu aliyeistaafisha ghalani. Rangi imebabuka yote, sura mbaya. Bomba limenyooka, halina kidonda, tundu la ekseli safi, kijisikio cha breki kipo. Tukabadilisha sili, tukatia mafuta yanayostahili, siyo mawese. Nilizikandamiza kwa mikono yangu miwili, zikashuka na kurudi bila kuguna.

Benedikto alikuja siku ya gulio, amevaa shati la kanisani, amepanda gari na Deo. Pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya karakana ya Shaibu. Hakuna aliyemwambia aketi. Aliizunguka, akagusa yale mabomba yaliyobabuka rangi, akapitisha mguu, akakaa. Nyayo mbili, chini. Akazisogeza kidogo huku na huku, kama mtu anayejaribu viatu. Akapiga kiki, haikuwaka. Akapiga tena, ikawaka.

Deo akasogea apande nyuma. Mzee akatikisa kichwa. "Wewe tafuta gari," akamwambia. "Mimi napitia kigango cha juu, kuna mgonjwa."

"Leo leo, mjomba? Bado hujapata nguvu."

"Nimekwambia kuna mgonjwa."

Akaondoka. Hakuondoka vizuri, niwaambie ukweli. Usukani ulitikisika, akapita karibu mno na mkokoteni wa machungwa, kwenye kona mguu wake wa kulia ukashuka ukaburuza lami, ukapanda tena, na akapotea. Nilikuwa nimeshika mlango wa duka. Mikono yangu imebeba chuma maisha yote, na nikaona ndani ya moyo wangu kwamba nimechoka kweli, na kwamba hii itakuwa kazi yangu ya mwisho. Nilimuuzia mzee njia yake mwenyewe, ile yenye mawe na bonde upande mmoja, na hakuna venia inayopima kama nilifanya vyema.

Deo alisimama kando yangu, bado anaitazama ile kona tupu.

"Mama," akasema, "akianguka je?"

"Akianguka tutakwenda kumwokota," nikamwambia. "Nenda katafute gari."